Walioingia kwa Jina la Eliakunda

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkutubi Mkuu alikagua mikono yangu kabla ya kukagua vyeti vyangu.

"Asubuhi umekula nini?" aliniuliza.

"Chai na mkate wa siagi, mzee."

"Nenda kanawe kwa sabuni. Hapa tunaazimisha vitabu, hatuazimishi siagi."

Nilikwenda kunawa huku nimenuna. Nilikuwa nimetoka kwetu Machame nikijiona msomi, nimevaa gauni jipya, halafu mtu wa kwanza kunipokea Arusha mjini ananitazama kucha! Baadaye nilimpenda sana mzee yule. Ndiye aliyenifundisha katalogi, yaani lile kabati la vidroo vidogo vyenye kadi, kila kitabu na kadi zake: moja kwa jina la mwandishi, nyingine kwa jina la kitabu, nyingine kwa somo. Alinifundisha pia kutoa kitabu kwenye rafu kwa kukishika katikati ya mgongo, si kwa kukikwangua kichwani kama wafanyavyo watu wenye haraka.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Nilipanga chumba Kaloleni, na kila nilipotoka asubuhi nilikuta marobota mapya ya mitumba yamefunguliwa kando ya njia. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa ilikuwa ya kuchagua rangi. Rafu zetu tu ndizo hazikupata ruksa yoyote. Vitabu navyo vilikuwa bidhaa, mwenye uwezo anunue, na wanafunzi wakaendelea kuja kwetu kusubiriana kitabu kimoja kilichochoka.

Kutoka mjini nilihamishiwa shule ya sekondari huko upande wa Usa River, kuanzisha maktaba. Mkuu wa Shule alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa suti hata jua likiwaka, na alipenda mambo yaende kwa mpango. Alinikabidhi chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Nilikifagia wiki nzima na bado kikanukia pumba. Wanafunzi wa kutwa walitoka Kikwe na vijiji vya karibu. Wa bweni wengine walitoka mbali, upande wa magharibi wa Mlima Meru, kwa Waarusha wafugaji. Kwa hiyo kwenye chumba kile kulikuwa na Kimeru, Kimaa na Kichaga, Kiswahili kikituunganisha, na Kiingereza cha vitabu kikitutesa sote.

Kwa kuwa kila somo lilikuwa na kitabu kimoja tu cha maana, watoto walikuwa wamejitengenezea namna yao ya kusoma. Mmoja anakaa katikati na kitabu, anasoma kwa sauti. Wengine wanamzunguka na madaftari. Asiyeelewa anagonga meza, na msomaji lazima asimame hapo hapo mpaka aliyegonga aeleweshwe. Hakuna aliyechekwa kwa kugonga, kwa sababu hakuna ambaye hakuwahi kugonga. Nilikotoka mjini, sauti maktabani ilikuwa kosa, na siku za mwanzo nilijaribu kuwanyamazisha. Nikaona nawanyima elimu, nikaacha.

Msomaji wao mkuu alikuwa Eliakunda, binti wa mkulima wa nyanya wa Kikwe. Sauti yake ilifika mpaka jikoni kwa wapishi. Na mgongaji mkuu alikuwa Naserian, binti wa Kiarusha wa bweni, mrefu, mpole, aliyejifunza Kiswahili shuleni na Kiingereza juu yake. Karatasi ilimchanganya. Lakini ukimsomea na kumweleza, kitu kilikaa kichwani mwake na hakikutoka tena. Baba yake alimpeleka sekondari kwa mabishano makubwa na ndugu zake, na Naserian alijua kwamba akifeli kidato cha nne, wadogo zake wa kike hawatapewa nafasi hiyo. Aliniambia hivyo mwenyewe, akifuta meza, kana kwamba anazungumzia habari za mvua.

Halafu ikaja maktaba ya mtandaoni. Wakati huo mjini vibanda vya intaneti vilishaota kila mtaa, na kampuni za simu zilikuwa zikipaka kuta rangi zao. Ofisi moja ya mradi ikatuletea kompyuta chache na dishi la kunasa mawasiliano. Msimamizi wa Mradi, kijana mwenye adabu, alitueleza kwamba ndani ya tovuti ile mlikuwa na vitabu vya kiada, mitihani ya nyuma, na picha zinazotembea. Kila mwanafunzi angefungua jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Ili ufungue jina, ilibidi uwe na anwani ya barua pepe, na wanangu wale hawakuwa na hata sanduku la posta. Mawingu yakishuka kutoka mlimani mtandao ulikatika. Siku ya kwanza tulimaliza mchana mzima tukafanikiwa kuandikisha mtu mmoja. Tulimchagua msomaji, Eliakunda.

Sisi hatukuona tatizo. Kompyuta ilikaa pale kilipokaa kitabu. Eliakunda aliingia kwa jina lake na kusoma, wengine wakazunguka, wakagonga meza. Vidato vingine vilipokuja, aliwaachia wafungue kwa jina lile lile. Sitasahau siku walipouona moyo wa binadamu ukipiga kwenye kioo, damu nyekundu ikitoka na ya bluu ikiingia. Moyo waliokuwa wameuona mpaka siku hiyo ni wa mbuzi, tena uliokwisha kutulia. Darasa zima lilisema "Aaa!" kwa pamoja, na mimi nikasema nao.

Muhula wa mtihani wa taifa ulipokaribia, Mkuu wa Shule akaniita ofisini.

"Mama Maktaba, njoo na huyo binti wa Kikwe."

Tulimkuta amekunja uso. Ofisi ya mradi ilikuwa imemwandikia kwamba shule nzima ina msomaji mmoja, na kwamba vifaa vitahamishiwa shule yenye wasomaji.

"Eliakunda," akasema, "vipindi vya darasani unahudhuria saa ngapi?"

"Nahudhuria vyote, Mwalimu."

"Mbona kwenye barua hii unaonekana asubuhi hadi jioni uko kwenye mashine? Unasoma Fizikia ya kidato cha pili na Uraia wa cha nne kwa wakati mmoja! Wewe ni malaika?"

"Siyo mimi, Mwalimu. Ni sisi."

Ikabidi nieleze. Mkuu wa Shule alisikiliza, akavua miwani, akacheka mpaka suti ikamtikisika. Kisha akaacha kucheka. "Sasa hao wa mradi utawaelezaje, Mama? Wakichukua mashine sasa hivi, hawa wa kidato cha nne watafanya mtihani na nini?"

"Waje waone," nikasema.

Msimamizi wa Mradi alikuja. Nilimsimamisha mlangoni. Eliakunda alikuwa akisoma habari za vali za moyo. Naserian akagonga meza.

"Hapo kwenye vali," akasema. "Inafanya nini?"

"Inafunguka damu ipite, halafu inajifunga," Eliakunda akajibu.

Naserian akafikiri. "Kama lango la boma? Ng'ombe wakishaingia unafunga, wasirudi nyuma?"

"Ehee!" wakaitikia wote, na kalamu zikaanza kukimbia. Nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyeisahau vali mpaka leo.

Yule kijana alisikiliza mpaka kipindi kikaisha. Tulipotoka nje aliniambia, "Mama, nimefundishwa mambo mengi, lakini sijawahi kuona watu wanasoma namna hii."

"Basi waandikie hivyo wakubwa zako."

"Nitaandika. Ila mashine haihesabu masikio, Mama. Wakubwa zangu wanatazama majina tu. Kila mtoto akiingia kwa jina lake, naweza kuwatetea. Vinginevyo vifaa vitaondoka, na mimi sitakuwa na la kusema."

Ningefanya nini? Mtihani ulikuwa mlangoni. Nilikubali, na ningekubali tena. Kijana wa watu alijitahidi kuliko alivyotumwa. Alikaa kwetu akiwafungulia anwani mmoja mmoja, akaomba kompyuta za nyongeza na hedifoni ili wanaosikiliza masomo wasiwasumbue wenzao. Alipanga mashine ukutani, viti vikatazama ukuta. Meza kubwa ya katikati ikahamishiwa bwaloni, maana haikuwa na kazi tena.

Majina yakajaa. Ofisi ya mradi ikafurahi, na Mkuu wa Shule akawa anawaleta wageni wake kwanza maktabani. Wageni walisimama mlangoni na kusifu utulivu. Eliakunda na wenzake kadhaa walikwenda kwa kasi kubwa, kwa sababu sasa hawakulazimika kumsubiri mtu. Walifaulu vizuri mtihani ule, na mmoja wao ni daktari leo. Siwezi kusema mashine ile ilikuja kwa hasara.

Lakini niliwatazama waliobaki nyuma. Niliwaambia wakusanyike jioni wasome kama zamani. Walikuja kwa kuniheshimu, kila mmoja akitupia macho kompyuta iliyo wazi. Nani akae na mgongaji wakati kuna kiti kitupu na hedifoni? Siwalaumu, walikuwa watoto wenye mtihani.

Mwisho wa muhula, mtihani ukiwa bado mbele, mradi ulitoa tuzo kwa msomaji bora, aliyefungua kurasa nyingi kuliko wote. Mashine ilimtaja Naserian. Shule nzima ilipiga makofi, na mimi nilipiga mpaka viganja vikauma, nikidhani nilikuwa na wasiwasi bure. Alipokea cheti kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akarudi kukaa.

Matokeo yalipotoka, Naserian hakufaulu.

Nilistaafu miaka mingi baada ya hapo, katika shule nyingine, chini ya Mkuu wa Shule mwingine ambaye maktaba yake ilikuwa na vishikwambi vingi kuliko vitabu. Waliniaga kwa kitenge na keki. Sasa naishi nyumbani, nalima mboga kidogo, na wajukuu wakinitembelea wanadhani mimi ni adui wa simu zao. Si kweli. Mimi niliyengojewa na foleni ya watoto kwa kitabu kimoja siwezi kuichukia maktaba inayoingia mfukoni. Ninachokitamani ni kile chumba kilichonukia pumba, na mtu anayeweza kusema mbele za watu kwamba hapa sijaelewa, na watu wakasimama kumsubiri. Nakitamani mpaka moyo unauma, na sioni haya kusema.

Vijana wa ukutubi huja kuniuliza kama kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko zote. Ipo. Ni alasiri ile ya tuzo. Wageni walikuwa wamekwisha ondoka, na wanafunzi wamerudi kwenye mashine zao. Naserian alinifuata mezani na cheti chake bado mkononi.

"Madam," akasema, "kurasa zote nimefungua. Nilikuwa nafungua nyingine nikifikiri huko mbele nitaelewa. Sasa nani ataniambia zimesema nini?"

Nikavuta kiti, nikamwambia akae karibu yangu, nikamfungulia ukurasa. "Haya, soma kwa sauti. Ukikwama, gonga."

Akageuka kuwatazama wenzake, mstari mzima wa migongo ukutani. Kisha akainama, akaanza kusoma kwa kunong'ona ili asiwasumbue, ilhali wote walikuwa na hedifoni masikioni, na hata angepiga kelele hakuna ambaye angemsikia.