Mkono Nilioukanda Uwanjani

Kosa ni langu peke yangu, wala simtafutii mtu wa kumgawia. Jina langu silitaji, maana mtaa wetu ni mdogo.

Nilikuwa refa wa mechi za watoto za wikendi, kwenye kiwanja cha vumbi upande wa Mbaraki. Filimbi nikiijua. Wazazi ndio walionishinda! Mtoto akianguka tu, baba huyu keshaingia uwanjani, mama yule anapiga ukelele, na mimi naambiwa nimehongwa. Nihongwe na nani, jamani, kwa mechi ya watoto wa miaka kumi?

Basi nikabuni dawa yangu. Marehemu nyanya yangu alikuwa mkandaji, watu wakimletea waliotenguka. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia taa tu. Lakini nikatia kichupa cha mafuta ya uto mkobani. Mtoto akiumia nampaka, namkanda, namsomea dua kidogo, namsimamisha. Wazazi wakatulia. Wakaanza kuniita mwalimu! Nami kichwa kikavimba.

Siku hiyo mtoto mmoja, nitamwita Swabri, alisukumwa akaangukia mkono wa kulia. Alikuwa ameshasukumwa mara mbili na filimbi sikupiga. Babake, mshoni wa kanzu, akanijia mbio.

"Wewe refa, huna macho? Ungepiga filimbi mapema mwanangu angeumia?"

Watu wote wakanigeukia. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichoma.

"Tulia, bwana. Ametenguka tu. Nipe dakika mbili."

Mamake akasema taratibu, "Mwalimu, si bora tumpeleke hospitali?"

"Mama, mkono huu hauna haja ya hospitali."

Nikakishika kiwiko, nikauvuta mkono. Kitu kikalia ka! ndani. Swabri akapiga ukelele, akanitazama. Nikajua papo hapo kwamba sikurudisha kitu, nimevunja. Na ulimi wangu huu ukasema, "Alhamdulillahi, umerudi."

Babake akaniomba radhi mbele ya watu kwa maneno yake. Nami nikamsamehe! Yarabi, mimi ndiye niliyemsamehe!

Nikaufunga kwa kitambaa, nikawaambia wasiufungue. Siku ya nne mamake akanipigia simu: mkono umevimba, mtoto ana homa. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Nikamwambia, "Ni kawaida, subirini."

Siku ya nane wakampeleka hospitali. Daktari akauliza nani aliyeukanda. Mamake akajibu, "Mtu wetu." Hakunitaja, na hajanitaja hadi leo.

Swabri amepasuliwa mara mbili. Vidole havikunjuki, na wazazi wake wameambiwa wasitarajie zaidi.

Nilikwenda kwao kusema kweli, wallahi nilikwenda. Mamake akaniletea kahawa na kaimati. Babake akasema, "Ni kadari ya Mungu, mwalimu, usijilaumu." Nikaitikia, "Kweli." Nikamaliza kahawa, nikaondoka. Mwoga mimi!

Mwezi uliopita nilikutana na Swabri kwenye barabara ya Ndia Kuu, anatoka chuoni kusoma Kurani. Akanikimbilia, "Shikamoo, mwalimu!" Akanyoosha mkono wa kushoto, kisha akainama kwa haya.

"Samahani, mwalimu. Wa kulia haufunguki vizuri."

Mtoto ananiomba samahani mimi! Nikaushika ule wa kushoto. Akaenda zake, mkoba umening'inia bega moja.

Marefa wenzangu, mzazi akikutukana mwache akutukane. Simamisha mechi, mtoto aende hospitali, mafuta yaache nyumbani. Na ukikosea sema siku ile ile, hata wakupige. Ukiipitisha ile siku, basi tena. Mimi filimbi nimeitupa, na haikusaidia kitu. Kwao ni nyumba ya tatu kutoka kwangu, kila siku napita mlangoni, na tangu ile kahawa sijapiga hodi.