Mwanafunzi Aliyepewa Arobaini na Tano

Niseme mapema ili mwenye presha asome kwa raha: shemeji yangu amefaulu. Sasa kaa vizuri nikueleze, maana hii habari hakuna anayeijua vizuri kama mimi, na hata yeye mwenyewe nikimsimulia huwa anaipenda zaidi.

Mimi ni kinyozi. Bora kuliko wote mtaa huu, na mtaa wa pili wanajua ila wanaona aibu kusema. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, tusigombane. Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, ni fundi cherehani. Kati ya chumba chake na changu kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo mashine yake ikinyamaza najua, na akisonya najua anamsonya nani.

Mwaka juzi akaanza kozi ya kuandika programu za kompyuta, kwenye mtandao, bure. Mama wa miaka arobaini na tatu, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwambia, "Shemeji, kompyuta haina pindo, utashona nini humo?"

Akasema, "Nyamaza, kinyozi. Wewe hata simu unabonyezewa namba."

Hiyo kozi ina wanafunzi maelfu na hakuna mwalimu wa kuwasahihishia wote. Kwa hiyo wanasahihishana. Kazi yako inapelekwa kwa wanafunzi watatu usiowajua, na wewe unaletewa kazi za watatu wengine. Majina yamefichwa. Unatoa alama, unaandika maoni. Wastani wako ukifika sitini, unapanda darasa la pili. Ukianguka mara mbili, unatolewa kabisa. Mara ya kwanza shemeji aliambulia hamsini na moja, kwa hiyo hii ilikuwa ya mwisho.

Kazi yake ilikuwa nzuri, hata mimi nilielewa. Unaiandikia kiuno, nyonga na urefu wa sketi, inakwambia ununue kitambaa kiasi gani. Alifanya wiki tano, katikati ya sare za shule na magauni ya harusi.

Kilichonitia wasiwasi ni alivyosahihisha wenzake. Mtu wa kwanza na wa pili aliwapa alama za maana. Wa tatu, looo. Aliifungua kazi yake kama anavyofungua gauni la fundi mwingine, anageuza ndani nje, anavuta kila uzi. Akampa arobaini na tano, akaandika maelezo marefu kama barua ya posa.

"Shemeji," nikamwambia, "umemuua mtoto wa watu. Wape wote mia. Watu wakila vizuri nao wanakupakulia."

"Wale ninaowasahihisha mimi sio wanaonisahihisha mimi."

"Baraka zinazunguka."

"Zizunguke huko kwako. Huyu akivaa hii kazi itamchanikia mbele za watu. Nimwambie imependeza?"

Jumatatu saa nne asubuhi matokeo yakatoka. Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi nikasikia mashine imesimama. Sio kusimama kwa kubadilisha uzi. Nikaenda na mkasi wangu, mteja nusu ana nywele nusu hana.

Wa kwanza kampa themanini na nane. Wa pili sabini na mbili. Wa tatu kumi.

"Kumi?" nikasema. "Hata mimi kwenye hesabu nilikuwa napata kumi na mbili."

Wastani hamsini na sita na vipande. Shemeji alikuwa ameshika meza kama inataka kuondoka. Yule wa kumi aliandika hivi: *Programu haifanyi kazi. Nimeingiza namba, badala ya kujibu inanitukana.*

Tukatazama alichoingiza. Kiuno moja, nyonga mbili, urefu tatu. Na programu ilimjibu kama shemeji anavyojibu: *Hakuna mtu wa hivi. Pima tena.*

Nilicheka hadi mteja akaja kuchungulia. Shemeji hakucheka.

"Niliweka hiyo makusudi," akasema. "Mtu akija na vipimo vya ovyo nikate kitambaa?"

"Lakini ulimwambia ni sentimita?"

Akaipekua kazi yake juu hadi chini. Hakuwa ameandika popote. Miaka ishirini na tano anashona, hajawahi kumwambia mtu kwamba kiuno kinapimwa kwa sentimita. Kwake ilikuwa kama kumwambia mtu kwamba sketi inavaliwa kuanzia miguuni.

Kulikuwa na kitufe cha rufaa. Akikubaliwa, anatafutwa msahihishaji wa nne, na alama ya chini kabisa inatupwa. Ila wanaangalia kwanza wewe ulivyosahihisha wenzako. Angalau wawili kati ya wale watatu uliowasahihisha waseme maoni yako yaliwasaidia, tena kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Wa kwanza alishasema ndiyo. Wa pili hakuwa ameingia kwenye kozi tangu atume kazi yake. Akabaki nani? Yule wa arobaini na tano.

Nilitaka kusema nilimwambia. Mke wangu akanikanyaga mguu. Sijui alifikaje pale haraka vile.

Jumanne kimya. Jumatano shemeji akashona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akaushona tena palepale. Mimi nikaacha utani, jambo ambalo wateja walidhani ni malaria.

Alhamisi saa tano na nusu simu yake ikalia. Akanipa mimi nisome, miwani yake ilikuwa imejaa ukungu. Nikasoma polepole, maana ndiyo kasi yangu: *Umenipa arobaini na tano, nimekasirika siku mbili. Leo nimefanya ulivyosema, mstari kwa mstari, imekubali. Wengine wawili walinipa tisini wakaandika safi sana, hakuna aliyeniambia kosa liko wapi. Ndiyo, umenisaidia.*

"Rudia," shemeji akasema.

Nikarudia. Mara ya pili nilisoma vizuri zaidi, waulize waliokuwepo.

Rufaa ikapokelewa. Ijumaa mchana msahihishaji wa nne akaleta themanini na tatu, na chini yake mstari mmoja: *Andika ni sentimita.* Kumi ikatupwa. Wastani themanini na moja.

Shemeji hakupiga kelele. Alivua miwani, akazima mashine, akaja upande wangu, akaniangalia.

"Mfano ningewapa wote mia," akasema.

"Shemeji, watu wanakosea. Mimi sio kawaida yangu, lakini wanakosea."

"Inuka hapo."

Akakaa kwenye kiti changu cha kunyolea, kile cha kulaza nyuma, nikakilaza. Dakika mbili hazikuisha, amelala, mdomo wazi, vidole vimelegea, futi ya kupimia bado shingoni. Mke wangu akamfunika na kitambaa changu cha kunyolea, kile safi.

Wateja walikuja watatu mchana ule. Nikawanyoa nje, wamekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kila mmoja nilimwambia aongee chini chini, ndani kuna mtu wa darasa la pili.