Kilo Ishirini na Tano za Hewa

Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi. Miaka kumi na sita ya kupekua mifuko ya suruali za watu imenifunza kwamba mtu safi ni yule ambaye mfuko wake hujaupekua bado. Kwa hiyo wifi yangu, mke wa kaka, alipoanza kazi ya kuwakadiria watu gharama za kusafirisha vitu wanavyonunua mtandaoni kutoka ng'ambo, machale yalinicheza mapema.

Watu walimwita Mama Futi. Sebule yake ilijaa maboksi matupu mpaka pa kukaa hupaoni. Ukimwonyesha kwenye simu kitu unachokitaka, hakutaja bei. Alisoma vipimo, akakata boksi kwa kisu, akaligandisha kwa selotepu mpaka likatoka na ukubwa uleule wa mzigo utakaokuja, ndipo akachukua futi yake. "Kwanza ulione," alikuwa akisema. Mimi nilijiuliza tu: mkweli gani huyu anayehitaji mazingaombwe yote haya? Na sebule kaipaka rangi mpya mwezi uliopita. Rangi hiyo kaitoa wapi?

Mama yangu, ninayeishi naye, alikuwa hainuki kitandani tangu apate kiharusi. Kidonda cha kulalia kilikuwa kimeanza kwenye nyonga. Muuguzi alituambia mambo mawili: ageuzwe mara kwa mara, mchana pia asisahauliwe, na atafutiwe godoro la povu lenye vinundu kabla kidonda hakijafika mfupani. Asubuhi na jioni nilimgeuza mimi. Mchana, nikiwa kazini, alipita wifi. Godoro lenyewe madukani kwetu halikuwepo, ila mtandaoni nililiona, nikaenda nalo kwa Mama Futi.

Akakata boksi lake, akapima, akabonyeza simu.

"Kilo ishirini na tano," akasema.

"Za nini? Si imeandikwa hapo, godoro lina kilo nne!"

"Linachukua nafasi, wifi. Mzigo wa ndege hautozwi kwa mizani peke yake. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa elfu tano. Jibu likizidi kilo za mizani, unalipia hilo jibu."

"Kwa hiyo nalipia hewa?"

"Unalipia hewa," akasema, mkavu, hata kope haikumcheza.

Loo! Niliondoka pale bila kuaga. Nilipofika nyumbani sikumficha mama. "Mama, mkwe wako mwizi. Anataka kuniuzia hewa." Mama alinitazama kidogo, akafumba macho.

Kesho yake nilimpata wakala mwingine, bwana mmoja wa ghorofani, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Hakupima chochote. Aliuliza kilo, nikasema nne, akapiga hesabu ya nne, nikalipa nikicheka. Huyo ndiye mtu wa kazi, nikasema, siyo yule wa kucheza na maboksi.

Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe: mzigo wako umezuiwa ghalani ng'ambo, uzito wa kulipiwa ni kilo ishirini na tano, lipia tofauti ndipo usafirishwe.

Haa! Ishirini na tano ileile! Nikajua hawa wawili wanajuana. Wamekutana lini? Sijui, lakini wamekutana. Mimi si wa kuingizwa mjini na mke wa kaka yangu. Silipi ng'o. Nikakaa na ujumbe ule siku kumi, kila siku nikiusoma na kuongeza hasira. Kidonda nilikuwa nakiona kinapanuka, nikasema ni joto.

Muuguzi alipopita kukiangalia, uso wake ulibadilika. "Nani humgeuza mchana?"

"Wifi yangu."

"Hageuzwi huyu. Kikigusa mfupa, hapa nyumbani hatutamweza tena."

Damu ilinichemka. Kumbe! Mzigo wangu nimeupeleka kwingine, naye analipiza kwa mwili wa mama!

Asubuhi iliyofuata niliamkia mlangoni kwake. Sikuanza na la mama, nilianza na la hewa. "Kata boksi la godoro langu hapa mbele yangu. Futi nipe mimi." Akakata, akanipa futi. Nikapima mwenyewe: tisini, arobaini, thelathini na tano. Nikazidisha kwa simu yangu, si yake. Nikarudia mara tatu nikiutafuta wizi, na kila mara ikatoka ishirini na tano na ushee. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini kuomba radhi sikuweza. Nilisema tu, "Haya."

"Mama anaendeleaje?" akaniuliza akikunja futi. "Siku hizi kila nikipita nakuta kalala. Sipendi kumsumbua."

Unajitetea mapema, nikawaza. La hesabu umenishinda, hili la mama nitakukamata nalo.

Nikaenda ghorofani nikalipia tofauti, kisha nikamdanganya tajiri wangu kwamba naumwa, nikarudi nyumbani saa tano na nusu nimvizie. Mama alikuwa ameelekea ukutani, vilevile nilivyomwacha alfajiri. Nikamshika bega na paja nimgeuze. Shuka ilikuwa imenata kwenye kidonda, akauma meno.

"Mama, niambie kweli. Wifi huwa anakuja?"

"Hajakosa hata siku moja. Hugonga."

"Sasa mbona hakugeuzi?"

"Namwambia nimelala."

"Kwa nini, mama?"

"Si ulisema mwizi?" Alikuwa akihema kwa maumivu. "Nikimruhusu anishike, wewe mwanangu nitakutazamaje jioni?"

Karibu mwezi mzima, mchana kutwa, amelalia kidonda kwa ajili ya mdomo wangu. Nilitaka kumwambia nimekosea, nimepima mwenyewe, wifi yangu hana hata doa. Nilikuwa nimemwinua nusu, mikono yote miwili imemshika, machozi yananidondoka kwenye mgongo wake.

Kabla sijatamka, mlango ukagongwa.

"Nimelala!" mama akaita kwa nguvu aliyokuwa nayo.

"Haya, mama," wifi akajibu kwa upole kutoka nje. "Nitapita tena kesho."