Macho Yanabaki Nje

Alhamisi ikifika saa nane mchana, huwa nafunga duka langu la vitenge bila sababu. Wenzangu wa sokoni wameshazoea, hawaniulizi tena. Zamani sababu ilikuwepo: nilikuwa nampeleka mama kwenye chama cha wasioona, kule juu kilimani, katika ukumbi wa matofali ulio nyuma ya kanisa letu hapa Butembo. Siku hizi sina wa kumpeleka, lakini mikono hufunga mlango yenyewe, nami hukaa juu ya robota la nguo nikiikumbuka baraza ya ukumbi ule.

Macho ya mama yalififia polepole, la kushoto kwanza, akiwa nyumbani kwake Beni. Daktari alituambia kwamba kilichopotea hakirudi. Baba alikuwa ameshatutoka zamani, na mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, basi sikumuuliza mtu. Nilikodi pikapu, nikapakia kitanda chake, sufuria zake na yeye mwenyewe, nikamleta kwangu. Nilimpa chumba kinachopata jua la asubuhi na blanketi mbili mpya, kwa kuwa baridi ya Butembo si mchezo kwa mtu aliyezoea joto la Beni. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote.

Mama hakutaka blanketi. Alitaka kurudi kwake. Kila asubuhi, tukishamaliza kusali, aliniuliza kwa upole ni lini nitamrudisha katika nyumba yake, naye apike juu ya moto wake. Kila asubuhi nilimjibu kwamba ataungua, ataanguka, ataniletea msiba. Alisema nyumbani ni nyumbani ingawa pangoni. Mimi nilisema pangoni hamna mtu wa kukuokota. Basi aligeukia ukuta, na chai ikapoa.

Hali hiyo ilidumu msimu mzima wa mvua. Alikonda, akanyamaza, akawa mtu wa kitandani. Shemasi mmoja wa kike wa kanisani ndiye aliyenishauri nimpeleke kwenye chama cha Alhamisi. Niliona ni wazo zuri sana: atapata marafiki, atacheka, ataisahau Beni. Kumbe nilikuwa najitia kitanzi kwa mikono yangu.

Siku ya kwanza, mzee aliyekuwa rais wa chama alitupokea mlangoni. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla macho hayajamwacha, na sauti yake ilikuwa bado ya kunyamazisha darasa. Alimshika mama mkono, kisha akapapasa akaukuta wangu. Akauliza huu ni wa nani. Nikasema mimi ni binti yake, nimekuja kumsaidia.

“Macho inabaki inje,” akasema, akaufunga mlango.

Ndivyo walivyotuita sisi tuliowasindikiza: macho. Mahali petu palikuwa barazani, kwenye benchi refu, na sheria ilikuwa kwamba macho hayaingii wala hayasemi neno dirishani. Tulimenya njegere, tukafuma sweta, tukasengenya watu wote wa mtaa. Kulikuwa na baba mmoja aliyemleta mkewe. Yeye alilala mara tu alipokaa, na mkewe kutoka ndani alimtambua kwa kukoroma, akatutumia salamu za pole.

Mgeni katika chama kile hakuulizwa ugonjwa wake. Aliwekewa ungo wa maharage magotini, maharage ya Luofu yaliyojaa vijiwe na maganda, akaambiwa achague. Hakuna aliyemfundisha. Mama hakuwa ameshika kazi yoyote tangu nilipomleta, maana nilimkataza hata kukunja shuka yake. Nilimwona kupitia dirisha akiuzungusha ungo ule, vidole vikatembea kwanza kwa woga, halafu kwa haraka, na kijiwe kikalia chini: tiki. Kingine: tiki. Mwanamke aliyekaa kando yake akamwambia jambo masikioni, na mama akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu Beni. Niliona wivu kama mke mwenza.

Siwezi kuusimulia ukumbi ule bila kutabasamu. Nani alisema wasioona ni watu wa huzuni? Walikuwa na kelele kuliko soko. Waligombana kuhusu nyimbo, nani anavuta sauti na nani anaimba puani. Walifundishana kutembea kwa fimbo kati ya madawati, na aliyegonga dawati alilisalimia kwa heshima, “Wavukire, mama,” wenzake wakaanguka kwa kicheko. Mvua ikipiga mabati hawakusikilizana tena, basi walishikana mikono wakangoja. Sisi wa barazani tulinyeshewa miguu.

Mama alianza kuamka mapema siku za Alhamisi. Alianza kula. Moyo wangu ukatulia. Nikajua sasa Beni imekwisha.

Kumbe chama kilikuwa na desturi yake, waliyoiita siku ya chungu. Yeyote aliyetaka kuishi peke yake aliwapikia wote. Alipanga vitu vyake mwenyewe, akawasha moto mwenyewe kwenye ngazi ya nyuma, kisha akaja kukaa ndani na wenzake. Pua na masikio yake yamwambie wakati wa kuinuka. Mtu asimguse, mtu asimwambie neno. Akifaulu, rais mwenyewe alikwenda kwa familia kuwaambia wamwache aende.

Nilisikia barazani, pamoja na macho mengine yote, rais akitangaza kwamba siku ya chungu ijayo ni ya mama yangu. Hakuwa ameniambia. Tuliteremka kilima kile, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Wiki ile yote nilipiga milango. Sikuomba ashindwe, Mungu ni shahidi, lakini kuomba afaulu pia nilikataa.

Siku ilipofika, alikaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, akapanga vitu vyake huku akijisemea kwa sauti: debe la makaa kulia, chumvi kushoto, maji nyuma. Alichagua maharage, akateleka, akasogeza kiganja juu ya moto kuupima, akaridhika. Aliutaka moto mdogo wa taratibu. Kisha akaingia ndani akaketi, uso mkavu kama wa mtu anayengoja hukumu.

Kutoka pembe ya baraza, ngazi ile niliiona vizuri. Wimbo wa kwanza haujaisha, akatoka mama mmoja akidai anakwenda msalani. Alipapasa debe, akatia kipande cha mkaa motoni, polepole, akaondoka kama mwizi wa kuku. Akafuata baba mmoja, naye akatia. Kisha yule jirani wa mama wa siku ya kwanza. Kisha mwingine. Kila mmoja alimhurumia mama, kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, na kwa kuwa hakuna aliyemwona mwenzake, wote walitoka. Mwisho, niamini, alitoka rais mwenyewe.

Sheria ilinifunga mdomo, na moyo wangu haukuniomba niuvunje ukimya.

Harufu ilianza kuingia ukumbini. Wimbo ukapungua sauti. Wote waliisikia, nikawaona wakigeuza nyuso huku na huku, lakini kusema ingekuwa kumsaidia. Mama pia aliinua pua. Akafikiri. Akakaa vile vile, maana aliujua moto aliouacha, na moto ule haukuweza kuunguza kitu saa ile. Alidhani ni majirani. Alipoinuka hatimaye, maji yalikuwa yamekwisha na maharage yameshika chini, meusi.

Alikipeleka kiganja juu ya moto, akakirudisha upesi. Alielewa. Akaingia na kusimama katikati ya ukumbi, mwiko mkononi.

“Nani alitia makala mu moto yangu?”

“Ni miye, mama,” akasema jirani yake. “Moja tu.”

“Na miye.” “Hata miye.” Sauti zikatoka kila pembe, hata ile ya kunyamazisha darasa ikatoka, safari hii ndogo. Mtu mmoja alianza kucheka, akaambukiza wengine, na barazani tukashika mbavu. Mama hakucheka.

“Kule kwangu Beni, kitu nikiweka, inabakia pale pale,” akasema. “Moto yangu naijua. Hapa kila mutu ananisaidia, njo maana niko kipofu.”

Alikuwa akiwaambia wao, lakini uso wake ulielekea dirishani, upande wangu. Nikakumbuka kigoda chake nilichokisogeza kila nilipofagia, na kikombe nilichokiweka kila siku mahali pengine palipokuwa pazuri machoni pangu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Miezi yote ile nilidhani anaigonga meza yangu kwa sababu haoni.

Rais alikohoa. Akasema maharage yameungua, hilo halina ubishi. “Lakini moto haikukuwa yake. Donc, aende.” Wakala yale ya juu yaliyopona, na nasikia yalikuwa matamu.

Njia ya Beni ilipokuwa salama kidogo, nilikodi pikapu tena. Katika nyumba yake kule Beni, mama alipanga vitu vyake siku nzima, nami nikakaa juu ya mikono yangu nisiguse. Jirani wa kanisa lake aliahidi kupita kila jioni, kupita tu. Haukupita muda mrefu, mama akatafuta wasioona wenzake wa mtaa ule, akawa anawakusanya uani kwake siku za Alhamisi, na mgeni akipewa ungo wa maharage. Nilipokwenda kumtembelea, niliachwa nje ya ua na wale waliowasindikiza. Nilinuna, ila kwa furaha.

Aliishi vile kwa miaka, akipika, akinipigia simu kuniuliza kama nimekula. Mwaka huu Mungu alimchukua, kitandani kwake, asubuhi, moto wa chai ukiwa umeshawashwa.

Tulipotoka kumzika, wadogo zangu walitaka kupanga jiko lake upya kabla ya kuwapikia waombolezaji. Niliwakemea watoke. Nilikaa kwenye kigoda chake mbele ya mbabula, nikafumba macho. Mkono wa kulia ukakuta debe la makaa. Wa kushoto ukakuta chumvi. Nikageuka nyuma, maji yalikuwepo. Nikapika maharage huku nalia, na kila aliyekuja kuniongezea makaa nilimfukuza.