Mtungi wa Chonga

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka mwili hunisisimka. Nilikuwa nimeolewa karibuni huko Mtongwe, upande wa Likoni, kwa wakwe wenye shamba la minazi. Mwaka ule minazi ilikuwa ikifa. Makuti machanga yalichomoza yamekatika kana kwamba yamepitiwa na mkasi, kisha moyo wa mnazi ukaoza, kichwa kikaanguka.

Shemeji yangu Katana alisema ni uchawi wa Mzee Charo, jirani yetu mjane, maana minazi ya mzee haikuguswa. Ulimi hauna mfupa, neno likaenea. Nawe wajua kwetu pwani, mwenye mvi akishaitwa mchawi hana usingizi tena. Vijana wakaafikiana kumwendea Jumapili baada ya ibada, na panga zilikuwa zimeshanolewa.

Mama mkwe hakubishana nao. Aliniita, nikaitika abee, tukaponda mbegu za mbarika, zile za mafuta ya nyonyo, tukazitia mtungini pamoja na maji na vipande vya gogo la mnazi lililooza. Tukauzika shambani, mdomo wake sawa na ardhi. Uvundo wake, mwanangu! Nilijiuliza utamkomesha mchawi gani.

Jumapili alfajiri akatuita sote, na Mzee Charo pia. Akaondoa kuti alilokuwa ameufunikia mtungi alfajiri ile.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Madudu meusi yanayong'aa, kila moja na pembe kama ya kifaru, yalikuwa yamejaa hadi shingoni mwa mtungi, yakipandiana na kukwaruza udongo. Ndio chonga. Mchana hatukuwaona kamwe, kumbe walikuwa juu ya vichwa vyetu, ndani ya minazi, wakiila. Kiumbe cha ukubwa wa kidole gumba kinauangusha mti uliopandwa na babu!

"Katana," mama mkwe alisema taratibu, "mchawi wako huyu hapa. Mshike."

Katana akamshika mmoja. Yule mdudu akamng'ang'ania kidole, machozi yakamlengalenga.

Mzee Charo akasogea. "Mimi huchoma magogo yangu," alisema. "Yenu mmeyaacha yaoze, na humo ndimo chonga wanamozaliana. Haya, leteni moto."

Tukachoma pamoja naye hadi jua kuchwa, mzee yule tuliyetaka kumwua. Minazi ambayo moyo wake ulikuwa haujaoza ikatoa makuti mapya.

Siku hizi zipo ndoo za plastiki zenye chambo cha dukani. Zitundike, mwanangu, ila usisahau kusafisha shamba. Na likikufika baya, tega kwanza ujue ni nani anayekula, ndipo unyanyue mkono. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mungu akupe macho yenye subira. Minazi yako izae, na jirani yako mzee alale bila hofu.