Tegu Wangu, Kichwa cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipoanguka mara ya kwanza, jambo la kwanza nililohisi halikuwa huruma. Nilihisi nimeibiwa. Siku hiyo nilikuwa nimepika pilau peke yangu, nimekata kachumbari ya watu kumi na wawili, nimepiga deki sebule mara mbili. Shangazi wa mchumba wake, aliyekuja na ndugu zake kutoka Sengerema kupanga tarehe ya harusi, alikuwa ndiyo kwanza ameniuliza, "Na wewe mwanangu, umesomea nini?" Nikafungua mdomo nijibu. Mdogo wangu akaingia na sinia la glasi, akasimama katikati ya mkeka, shingo ikageuka upande mmoja kama mtu aliyeitwa, kisha akaanguka.

Hakuna aliyekumbuka tena kwamba niliulizwa kitu.

Alitetemeka kwa muda ambao ulionekana mrefu sana. Povu likamtoka. Mama alimshika kichwa akilia kwa sauti. Alipotulia na kupelekwa chumbani, shangazi alisogea karibu na mama akamuuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kwenu hiki kitu kipo?"

"Hakipo, wallahi. Hakijawahi kuwepo."

"Nauliza tu. Maana kifafa kina ukoo."

Wakanywa chai, wakashukuru, wakarudi kwao kwa daraja la Busisi bila tarehe kutajwa.

Tulikuwa watatu kwenye nyumba yetu ya Igogo: mama, mdogo wangu na mimi. Nilimzidi miaka minne. Mimi nilikwenda chuo kikuu kusomea ualimu wa biolojia na kemia. Yeye aliishia kidato cha nne akajifunza kushona. Niliporudi na shahada yangu nikakaa mwaka wa kwanza nikisubiri ajira, na wa pili, na wa tatu. Yeye alikuwa na cherehani mbili kibarazani na wanawake wa mtaa mzima walimwita fundi. Tukila sato, tumbo lenye mafuta lilikwenda kwake. Mimi nilipewa mkia. "Wewe msomi, unajua kuchambua miba," mama alisema, na wote wawili wakacheka.

Nilibishana juu ya kila kitu nyumbani mle. Nani kasema usifagie jioni? Nani kathibitisha? "Profesa ameanza," mama aliniambia, akamgeukia mdogo wangu kumuuliza kama amechoka.

Kitu kimoja tu nilimshinda. Kachumbari yangu. Nilivikamua vitunguu na chumvi kwa mikono mpaka ukali ukaisha, nikachanganya nyanya na pilipili kwa vidole. Mdogo wangu aliila kwa kijiko, peke yake, hata bila wali.

Alianguka mara ya pili akiwa kwenye cherehani. Mama akataka aombewe dua, mimi nikataka hospitali, tukafanya yote mawili. Hospitali wakampiga picha ya kichwa, na baada ya siku chache tukaitwa sote watatu kwa daktari, mwanamke wa umri wa mama. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuonyesha kwenye picha vidoa vidogo vya mviringo.

"Hivi ni vifuko. Ndani yake kuna watoto wa tegu. Tegu wa nguruwe."

Mama aliinuka nusu kwenye kiti. "Daktari, sisi ni Waislamu. Huyu mtoto hajawahi hata kupita kwenye moshi wa hiyo nyama."

Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwa sababu hatimaye kulikuwa na kitu ninachokijua mimi. "Haiwezekani," nikasema. "Tegu anatoka kwenye nyama ya nguruwe isiyoiva. Asiyekula hampati. Nimesoma, na nimefundisha."

"Umefundisha wapi, mwalimu?"

"Magu. Mazoezi ya kufundisha."

"Basi watoto wa Magu wamebaki na nusu ya somo." Alisema bila ubaya. Akachukua karatasi, akachora. Anayekula nyama yenye vifuko ambayo haijaiva vizuri anapata tegu mkubwa, yule mrefu kama utepe, na huyo anaishi kwenye utumbo mdogo kwa miaka. Hapo nilikuwa naye. Tegu anaachia vipande vilivyojaa mayai, vinatoka na kinyesi. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai yanageuka vifuko kwenye nyama yake. Hapo pia nilikuwa naye. Mchoro huo niliwahi kuupatia alama zote. Kisha akachora mshale mwingine mfupi, kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

"Mtu naye akiyameza mayai hayo, mwili wake unatendewa kama mwili wa nguruwe. Watoto wanaototolewa humo wanatoboa utumbo, wanapita kwenye damu, wanakwenda kukaa kwenye misuli, kwenye jicho, kwenye ubongo. Hakihitajiki kipande cha nyama hata kimoja. Unatosha mkono wa mtu mwenye tegu ambao haukunawa vizuri, umeshika chakula."

"Na mwenye tegu anaumwa?" mama akauliza.

"Mara nyingi haumwi kitu. Nyumbani nani anatengeneza vyakula vinavyoliwa vibichi?"

Mama alinitazama bila kunishuku. "Kachumbari anatengeneza dada yake. Jikoni ndiko anakoweza."

Daktari akasema hatutajua kwa uhakika mayai yalitoka wapi, yanaweza hata kuwa ya kununuliwa njiani, lakini wa nyumbani wote tupimwe. Akatupa vikopo vitatu vya kuwekea choo, turudi navyo kesho. Akamwonya mama asije akampa mdogo wangu dawa ya minyoo ya dukani, maana vifuko vikifa bila kuandaliwa ubongo unaweza kuvimba. Angelazwa kesho hiyo, aanze dawa za kuzuia kuanguka na za kupunguza uvimbe.

Mimi sikuhitaji kikopo. Chuoni nilikula kitimoto, nyama ya nguruwe, mara ya kwanza kwa ubishi tu, rafiki zangu wakinitazama kama nitathubutu, na baadaye kwa sababu niliipenda. Kwenye vibanda vya haraka haraka kulikuwa na siku ambazo ndani ilikuwa bado nyekundu, na hakuna aliyejali. Mwaka niliorudi nyumbani nilianza kuviona chooni vipande vyeupe, bapa, kama tambi zilizokatwa. Nilijua ni nini. Nikanunua vidonge vya minyoo vya kawaida, vipande vikapotea, vikarudi, nikazoea. Nilijiambia ni mdudu wangu, anakula chakula changu, hamhusu mtu. Mtu anayeuliza ushahidi wa kila kitu hakuuliza lolote kuhusu vidole vyake mwenyewe.

Mchana ule ule tukiwa tumerudi, shangazi wa Sengerema alimpigia mama simu. Nilisikia upande wa mama tu. "Ndiyo, dada. Ndiyo, nawaelewa. Vijana wengi wapo, ndiyo." Alipokata simu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaangalia mikono yake.

Nieleze kilichonipata, ingawa sikipendi. Nilipata raha. Niliona jinsi mambo yangekwenda: ningetafuta dawa sahihi nikaimeza kimyakimya, nisimwambie mtu, na harusi ingekufa yenyewe bila mimi kuigusa. Mdogo wangu angebaki na sisi, mgonjwa, na mimi ndiye ningekuwa mzima. Nikaisikia raha ile vizuri, ikanitisha kuliko mdudu.

Nilimkuta kibarazani anatoa nyuzi kwenye sketi ya shule. Hakuinua kichwa.

"Ni wewe, eh?"

"Umejuaje?"

"Daktari alipouliza, uliangalia dirishani. Wewe dada hujawahi kuulizwa swali ukaangalia dirishani."

Nikamwambia yote. Aliendelea kutoa nyuzi. Halafu akauliza, "Tamu?"

"Nini?"

"Hiyo nyama. Nimebeba watoto wake kichwani, angalau niambiwe."

"Tamu," nikasema, na tukacheka mpaka nikaanza kulia. Yeye hakulia.

"Mwambie mama ulipata kwa nyama ya ng'ombe," akasema. "Atakusamehe upesi."

"Tegu wa ng'ombe haweki vifuko kichwani mwa mtu. Yule anaishia tumboni tu."

"Mama atajulia wapi?"

"Mimi najua."

Akanitazama kama mama anavyonitazama, profesa ameanza. Na hata hapo nikamwonea wivu. Kichwa chake ndicho chenye vifuko, na yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kunihurumia mimi.

Nikaingia ndani nikamwambia mama, kitimoto na yote. Hakupiga kelele. Alisema, "Umeona sasa," na mimi, hata siku ile, nikajibu kwamba haikuwa adhabu, ilikuwa nyama mbichi na mikono michafu, na kwamba kama ni adhabu basi imempata asiye na kosa. Mama akatafuta namba. Kisha akanipa simu yake. "Mpigie shangazi yao. Maneno hayo hayo."

Shangazi alipokea. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba si kifafa cha ukoo. Ni mayai ya mdudu, yanaingia kwa chakula, dawa zipo.

"Na mdudu huyo alitoka wapi?"

"Kwangu, shangazi. Alikuwa tumboni mwangu. Mimi ndiye niliyempa."

 Sauti yake ikarudi, kavu. "Kwa hiyo mwenye ugonjwa ndiye anayeongea?"

"Ndiyo."

"Basi tutakuja Jumamosi kuongea na mama yako. Na wewe, tafadhali, usipike."

Kikopo changu kilisema nilichokuwa nakijua. Nilipewa dawa nyingine, siyo ile ya kawaida, nikaambiwa nirudi kupimwa tena. Mdogo wangu alilazwa, akatibiwa, akaolewa huko huko Sengerema miezi kadhaa baadaye. Bado anakunywa vidonge kila siku, na daktari hajasema lini ataviacha. Hajaanguka tangu Pasaka.

Mama anampigia simu Sengerema kila asubuhi. Umekunywa dawa? Umekula? Umelala vizuri? Mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, napewa jagi la maji na sabuni, na mama hasogei mpaka amalize kuangalia kucha zangu, moja baada ya nyingine. Juzi nilimwambia nimepona, majibu yapo kabatini, anaweza kuyasoma.

"Nawa," akasema.

Nikanawa. Simu ilikuwa sikioni mwake bado, na upande wa pili nilimsikia mdogo wangu anacheka.