Alama ya Saa Sita Mchana

Kwa miaka tisa Swafiya, binti wa fundi cherehani Munyakazi wa Rwezamenyo, hakuchelewa kazini hata siku moja. Alikuwa muuguzi wa A3, daraja la chini kabisa katika hospitali yao pale Kigali. Muuguzi wa A3 huosha wagonjwa, huchemsha sindano, hupima joto na kugawa vidonge alivyoelekezwa kugawa. Mtaani walimwita dokta, naye hakujihangaisha kuwasahihisha.

Juu yake walikuwa wa A2, waliosoma miaka mingi zaidi. Hao walijua dawa hufanya nini mwilini, na walitia sahihi kwa kila kilichofanyika katika zamu yao. Juu ya wote wodini alikuwa muuguzi mmoja wa A1, Madamu Mukarugwiza, mwanamke mfupi mwenye miwani. Alipanga zamu na kuwafundisha wengine, na jambo likiharibika, yeye ndiye aliyesimama mbele ya daktari.

Agosti 1978 chuo cha wauguzi kilitangaza nafasi chache za A2 kwa wauguzi wa A3 wenye uzoefu, mradi hawajafika miaka thelathini. Swafiya alikuwa na ishirini na nane. Alichohitaji ni barua ya msimamizi wake, na Madamu Mukarugwiza alikwisha kuiandika. Ilikuwa mezani kwake ikingoja sahihi.

"Ukishakuwa A2, nani atanichemshia chai?" Mukantwari alimtania. Huyu alikuwa A2, aliyemzidi Swafiya cheo ingawa alikuwa mdogo kwake kwa miaka mitano.

"Utaichemsha mwenyewe. Hata A2 wana mikono."

Mwezi huo ulikuwa Ramadhani. Katika kitanda cha dirishani alilala Bi Nyirahabimana, muuza vitumbua wa Rwezamenyo, aliyeandikiwa vidonge vya kwinini kwa malaria, asubuhi, mchana na jioni. Vya asubuhi alivimeza wakati wa daku. Vilipofika vya mchana, alifunga mdomo.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa kwetu. Utanipa maji mchana kweupe?"

"Mgonjwa ameruhusiwa kula, bibi. Utazilipa siku zako ukipona."

"Nilipe lini? Nina miaka sabini. Una uhakika gani kama nitafika mwakani?"

Swafiya akacheka, na kucheka kule kukamlegeza. Alivifunga vidonge vya mchana katika karatasi, akampa wakati wa futari pamoja na vya jioni. Lakini kwenye karatasi ya dawa iliyoning'inia miguuni pa kitanda, chini ya saa sita mchana, alitia alama ya kuwa dawa imemezwa. Alitaka kumsitiri bibi asigombezwe. Siku ya pili akafanya hivyo tena, na ya tatu pia. Alijua vidonge vingapi humezwa kwa siku. Kwa nini viligawanywa mara tatu, hakuwahi kufundishwa wala hakuwahi kuuliza.

Asubuhi ya siku ya nne Bi Nyirahabimana alianguka kando ya kitanda. Alitapika, akalalamika kwamba masikio yanavuma kama mzinga wa nyuki na kwamba haoni vizuri uso wa mtu. Daktari Mutabazi alikuja, akaisoma karatasi.

"Dawa amepewa sawasawa, kwa saa zake," alisema. "Basi malaria imepanda kichwani. Mtundikieni kwinini ya mshipa sasa hivi."

Mukantwari akageuka kwenda kuchukua chupa. Swafiya alisimama na beseni mkononi. Wodi nzima, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba karatasi ile inadanganya. Aliiona barua mezani kwa Madamu, kalamu ikiwa juu yake. Akaliweka beseni chini.

"Daktari, msimtundikie. Alama za saa sita ni za uongo. Nimeziandika mimi. Vya mchana nampa jioni, pamoja na vya jioni."

Daktari alimtazama, kisha akamgeukia Mukantwari.

"Acha chupa. Ni dawa yenyewe inayomtesa, imemzidi mwilini."

Kwinini ilisimamishwa. Baada ya siku mbili Bi Nyirahabimana alisikia tena vizuri, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba chai ya hospitali haina tangawizi.

Madamu Mukarugwiza alimwita Swafiya.

"Mwaka huu sitii sahihi."

"Ndiyo, Madamu."

"Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu nilimpa dozi mbili kwa mpigo."

"Hapana. Hilo ulilifanya kwa kutojua, na chuo kipo kwa ajili ya wasiojua. Umeandika jambo ambalo halikutokea. Daktari, mimi, Mukantwari, sote tunaiamini karatasi ile. Ungeniambia bibi anafunga, ningemleta shehe wake hapa amwambie ale. Hiyo ndiyo kazi yangu. Yako ilikuwa kuniambia."

Nyumbani, mzee Munyakazi alisikiliza mpaka mwisho, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio la cherehani.

"Mungu kamruhusu mgonjwa kula," alisema, "wewe ukawa mkali kuliko Mungu?"

"Nilimwonea huruma, Baba."

"Huruma ya kuficha. Lakini umesema kabla mtu hajafa. Mimi nikikosea kukata kitambaa, humwambia mwenyewe kabla sijashona. Haya, kula."

Swafiya hakununa wala hakuomba kuhamishwa wodi, kama wengi wafanyavyo wakikosolewa. Mwaka mzima alikuwa akiuliza kwa nini, kwa kila dawa iliyopita mkononi mwake, hata Mukantwari akachoka kujibu, akamwazima madaftari yake ya chuo.

Agosti iliyofuata Madamu alimpa barua mpya, bila kuifunga. Swafiya aliisoma akiwa njiani. Nusu ya ukurasa ilieleza kosa lake lote, siku kwa siku, na jinsi alivyolisema. Aliikunja akaipeleka kama ilivyo.

Mkuu wa chuo aliisoma mara mbili.

"Alama hizi uliziandika wewe?"

"Mimi."

"Na kama usingesema, nani angejua?"

"Hakuna. Bibi angekufa, nasi tungeandika malaria."

Mkuu wa chuo alivuta daftari la usajili, akafungua ukurasa wa wanafunzi wa A2.

"Jina la baba?"

"Munyakazi."

Akaliandika.